Mbuzi ya Nazi Iliyofika Ravenna

Sababu ya mimi kwenda Italia ni bafu. Nyinyi wa Malindi mlionipigia simu kuuliza kama nimekwenda kutembea au kutafuta mume, jibu ndilo hilo. Sasa kaeni niwasimulie kwa utaratibu, maana kila mmoja nimemwambia kipande chake na nasikia mmeviunga vibaya.

Mjukuu wangu Nasra, ninayekaa naye hapa Small Heath, Birmingham, ni fundi wa vigae. Alipomaliza shule wenzake walikwenda kusomea mambo ya ofisi, yeye akaenda kujifunza kubandika vigae ukutani. Nilisema maneno mengi wakati ule kuhusu msichana kushika saruji. Sitayarudia, kwa sababu siku hizi yeye ndiye anayelipia umeme. Ukuta wake wa kwanza aliufanyia bafuni kwangu. Ni vigae vyeupe, vimekaa vizuri, isipokuwa kimoja nyuma ya bomba kimeinama kidogo. Kila mgeni aliyekuja kwangu nilimwonyesha hicho kimoja.

Huyu Nasra ana picha kwenye simu yake, anayo tangu aanze kujifunza kazi. Ni dari la kaburi la zamani sana, katika mji wa Ravenna. Dari ni la buluu iliyokolea, limejaa nyota za dhahabu, na ile si rangi ya brashi. Ni vijiwe vidogo vidogo kama punje za mahindi, vimepachikwa kimoja kimoja. Mwaka huu bosi wake alimpa likizo kabla ya kuanza kazi kubwa ya majumba mapya, na baada ya hapo haijulikani atapumzika lini tena. Akaja jikoni, akaniambia twende tukalione hilo dari.

"Mimi nina kazi gani na kaburi la watu?" nikamwuliza.

"Ukuta wa kwanza ulinipa wewe, Nyanya. Hakuna mwingine aliyenipa ukuta."

"Na ukanipindishia kigae."

"Ndiyo. Na bado nakualika."

Nasra anaelewa Kiswahili chote lakini hunijibu Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa hapa. Hapa maneno yake nayaandika kwa Kiswahili ili msihangaike.

Mpango wake ulikuwa mzuri, na nausema sasa ili mjue nilichokuja kukiharibu. Tutapanga chumba Bologna, mji ulio katikati ya reli zote. Kila siku tutatoka asubuhi kwenda mji mmoja, jioni tunarudi kulala palepale. Hakuna kuhamahama na masanduku. Firenze siku ya kwanza, Verona ya pili, Ravenna ya tatu, na ya nne iwe ya akiba, mtu akichoka apumzike. Ravenna ndiyo haja yake. Kwingine kote alikuweka kwa ajili yangu, nisije nikasema nimepelekwa kutazama makaburi tu.

Kosa langu nililifanya Coventry Road, barabara yetu ya maduka, kwenye duka la mboga, nikichagua ndizi. Bi Saumu akaniuliza mbona nanunua ndizi chache. Nikamwambia nasafiri, nakwenda Italia. Ningeweza kusema nimepungua hamu ya kula. Nilitaka asikie.

Nyinyi mnatujua. Mtu wetu akisema anasafiri, habari haiishii kwake. Kabla sijafika nyumbani simu ilikuwa inalia. Mama Fardosa wa duka la nguo ana mpwa wake Firenze. Muuza nyama ana ndugu yake Verona. Na Bi Saumu mwenyewe ana dada yake, Bi Aziza, mji wa Parma. Kila mmoja alikuwa na kifurushi kidogo tu, kidogo sana, hata hakionekani. Nilipokea vyote. Tena nilifurahi, kusema kweli, kwa sababu mimi sijui kwenda mji ambao sina mtu wa kumbishia hodi. Mji usio na mtu nitautazama nini? Nikaona mpango wa Nasra umeumbwa makusudi kwa kugawa mizigo, nikajisifu kwamba mimi na akili zangu nimeuongezea maana.

Nasra alivitazama vile vifurushi juu ya meza. "Parma haimo kwenye mpango," akasema.

"Siku ya akiba ni ya nini?"

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege wa Birmingham, nilitaka mzigo wa Bi Saumu niushike mwenyewe mkononi maana ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Bi Saumu haamini posta na alikuwa ameniapisha nisiuachie mkono. Tukafika pale wanapopitisha mikoba kwenye mashine. Kijana mmoja akausimamisha mzigo wangu, akaufungua, akatoa kitu kimefungwa khanga, akakikunjua. Ilikuwa mbuzi ya nazi, ya mbao ngumu, na ulimi wake wa chuma wenye meno umechongwa upya.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni kiti," nikasema. Na kwa kuwa hakuamini, niliiweka chini nikaikalia mbele ya foleni nzima, nikiwa nimevua koti na viatu. Nasra alifumba macho.

Akaja mkubwa wake, mzee wa Singasinga, kilemba chake kimenyooka. Akaitazama ile mbuzi kwa muda, akacheka peke yake. "Hiyo inakuna nazi," akamwambia yule kijana kwa Kiingereza, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. "Mama yangu alikuwa nayo Mombasa, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Lakini meno ni meno, Mama. Rudi nje ukaipakie kwenye sanduku."

Tukarudi nje. Ndege tuliipata wakiwa wanafunga mlango. Tulipokuwa juu ya mawingu Nasra aliuliza tu kama kuna kiti kingine chochote ninachosafiri nacho.

Bologna tulifika jioni. Nitawaambia kitu kimoja kuhusu mji huo: njia zake za miguu zina paa. Nyumba zote zimejengwa zikatokeza mbele juu ya nguzo, unatembea chini yake mji mzima mvua isikupate. Nilikasirika. Birmingham kunakonyesha hivi hawakuwaza hilo, na hawa wenye jua ndio wamejifunika.

Sasa, mimi nilifua shuka miaka mingi katika hoteli ya Waitaliano pale Malindi, mnakumbuka, na Small Heath nzima nimeiambia kwamba Kiitaliano nakijua. Mwenye chumba chetu, mama wa makamo mwenye miwani kifuani, alitupokea mlangoni kwa maneno mengi mazuri. Nikamjibu palepale, sikusitasita. Akanitazama, akamtazama Nasra, akaingia ndani akaondoa shuka zilizokuwa safi kabisa akatandika nyingine, akaondoka na foronya akazirudisha zimepigwa pasi.

"Nyanya, umemwambia nini?"

"Nimemsalimia."

Ukweli ni kwamba Kiitaliano changu chote ni kile nilichokuwa naambiwa mimi: badilisha shuka, foronya bado, fanya haraka. Hakuna mtu pale hotelini aliyewahi kuniambia habari za jioni. Kwa hivyo tangu usiku huo nilipunguza kusema.

Siku ya kwanza tulikwenda Firenze. Treni ni ya kasi na inapita chini ya milima, huoni kitu, ni giza tupu, na mimi nikaona afadhali, nikasoma uradi wangu. Firenze yenyewe ina kanisa lenye kuba kubwa ambalo watu hutoka dunia nzima kulitazama. Nasra alitaka tuanze hapo. Nikamwambia tuutue mzigo kwanza, tutazame tukiwa wepesi.

Swafia, mpwa wa Mama Fardosa, ni mke wa Mwitaliano aliyemchukua Malindi. Haishi Firenze hasa. Unashuka treni unapanda basi, basi linatoka mjini, linapita viwanda, linapita mashamba, mpaka nikaanza kudhani tunarudi Bologna. Alitupokea kwa machozi. Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mume wake alisimama mlangoni akatuambia "Karibu, starehe" kama mtu wa Shela. Nikamkabidhi kifurushi: madera mawili, bizari ya pilau, na paketi za unga wa nazi nilizozivusha bahari. Akafungua kabati kuziweka. Ndani, zimepangwa kama matofali, zilikuwa paketi za unga uleule.

"Unauzwa hapa?" nikamwuliza.

"Ma mkubwa, kuna duka la Mbangladeshi nyuma ya stesheni. Anauza hadi mihogo."

Mbele ya stesheni hiyo tulipita asubuhi, unga mkononi.

Mchana ukaenda kwa kula na kuuliza nani amekufa. Kila tulipoinuka Swafia alileta kitu kingine mezani. Tulipoweza kuondoka jua lilikuwa limeanza kulegea, na hakutuachia mikono mitupu, maana hilo nalo mnalijua. Alinipa mfuko wenye viatu vya mtoto na chupa ya mafuta ya zeituni, nimpelekee Mama Halima aliye Modena. "Si mko Bologna? Modena ni hapohapo kwenu."

Lile kanisa tuliliona kutoka dirishani mwa basi. Nasra aligeuza shingo kulifuata mpaka nyumba zikalimeza.

"Umeliona?" nikamwuliza.

"Nusu yake."

"Nusu inatosha, nusu ya pili ni kama hiyo."

Verona nitasema kidogo, maana na mimi niliiona kidogo. Ndugu wa muuza nyama anafanya kazi kwenye bohari, na tulipofika akatuma ujumbe kwamba hatoki hadi jioni. Tukamngojea kwenye kibaraza cha duka la simu la rafiki yake, karibu na stesheni, mzigo magotini, kwa sababu niliogopa tukiondoka atatukosa. Alikuja, kijana mzuri, mwenye adabu, akanibusu mkono. Ndani ya mzigo wake kulikuwa na soksi. Na yeye akanipa soksi za Kiitaliano nimpelekee kaka yake Birmingham. Nasra alikuwa amenunua kadi ya posta yenye picha ya uwanja wao wa zamani wa mawe. Aliitazama kwenye treni njia nzima, na mimi nikamwambia picha imepigwa vizuri.

Siku ya tatu ilikuwa ya Ravenna. Kwenye lile kaburi huingii tu kama unavyoingia sokoni. Unakata tiketi mapema, unapewa saa yako, wanaingia watu wachache, mnatazama kidogo, mnatolewa. Tiketi zetu zilikuwa za alasiri. Lakini ule mfuko wa Modena ulikuwa umekaa kwenye kiti unanitazama. Nikachukua ramani ya Nasra nikaweka kidole, na kidole changu kimoja kikafunika Bologna na Modena pamoja.

"Ni hapo tu," nikasema. "Tutaupitisha asubuhi, mchana tuko Ravenna."

"Ravenna iko upande wa pili, Nyanya. Modena huku, Ravenna kule."

"Na Bologna iko wapi?"

"Katikati."

"Basi. Kwani tunapotea?"

Modena tulifika mapema, hilo nalidai. Mama Halima ni mwanamke wa rika langu, Msomali aliyekulia Mombasa, akakaa Sicilia kabla ya kuja huko, na akipiga soga anakupigisha na wewe. Tukagundua kwamba marehemu mume wake alinunua samaki kwa marehemu baba yangu. Baada ya hapo nani angeondoka? Akapakua biriani. Nikala, nikaongezwa, nikala. Kisha nikaegemea kwenye kochi lake kidogo, kupumzisha mgongo tu.

Nilipofungua macho mwanga wa dirishani ulikuwa umehamia ukuta mwingine. Nasra alikuwa jikoni anaosha masufuria. Nikapiga kelele kumwita.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umechoka, Nyanya. Ulikuwa unakoroma kwa furaha."

"Na tiketi?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. "Saa yake imepita." Hakukunja uso. Ingekuwa afadhali angekunja, ningepata pa kumgombeza. "Haidhuru. Ravenna haiondoki."

Mama Halima akauliza tiketi gani, na Nasra akamwonyesha ile picha. Yule mama akaitazama, akavaa miwani, akaitazama tena. Kisha akamtuma Nasra chini dukani akanunue maziwa ambayo nina hakika yalikuwamo, na mlango ulipofungwa akanigeukia.

"Bi Rukia, mimi na wewe ni wazee, niruhusu niseme. Mnazungukia nini? Treni zetu zote zinapita Bologna. Swafia anapita hapo, mimi juzi nilikuwa hapo kwa daktari wa macho. Ungetupigia simu. Ungekaa kwenye benchi pale stesheni na biskuti zako, tungekuja mmoja mmoja tukachukua vitu vyetu."

Nikautazama ule mfuko wa Swafia juu ya meza.

"Mtoto amekuja na kitu kimoja moyoni," akasema, "na wewe umemfanya tarishi. Na usinikasirikie, chukua ndimu nyingine."

Nikachukua ndimu. Ilikuwa chachu sana.

Jioni ile, chumbani Bologna, nilimpigia simu Bi Aziza wa Parma. Mzigo uliobaki ulikuwa wake, ile mbuzi, na siku iliyobaki ilikuwa moja. Nilifikiri nimekuwa mwerevu: nikamwomba aje yeye Bologna.

"Nije kwa magoti gani, Rukia?" akasema. "Haya yangu yanaishia sokoni. Njoo wewe. Nimeshaagiza nyama, nimewaambia majirani. Hiyo mbuzi naingojea kama mkwe."

Nasra alisikia yote, alikuwa anakunja nguo. "Kesho Parma," akasema. "Ameshapika. Huwezi kumwambia mtu aliyekwisha kupika."

Kanuni hiyo nilimfundisha mimi. Alikuwa na miaka sita, tunakwenda kwa watu Handsworth, hataki kwenda, ana homa ya kujifanya. Nikamwambia hivyohivyo, wameshapika. Sasa alikuwa ananirudishia, kwa upole, huku akizikunja soksi za muuza nyama vizuri zaidi ya zake.

Siku ya mwisho asubuhi tulifika stesheni ya Bologna, mbuzi mkononi mwangu, nimeifunga khanga. Pale kuna ubao mkubwa unaoandika treni zinazoondoka. Mimi kusoma maneno ya kigeni ni kwa kusukuma, lakini majina mawili niliyaona, moja juu ya jingine. Parma. Ravenna. Nasra alikuwa tayari kwenye mashine ya tiketi, amenipa mgongo. Kitabu cha Ravenna alichokuwa akitembea nacho safari nzima kilichungulia mdomoni mwa mkoba wake. Alikuwa amekitia ndani, si mkononi kama siku nyingine.

"Nasra," nikasema. "Kata ya Ravenna."

Hakugeuka. "Nyanya, Bi Aziza."

"Bi Aziza nitaongea naye mimi. Wewe bonyeza hicho kidude."

Nikampigia palepale, ili nisipate nafasi ya kufikiri.

"Aziza, siji."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Treni zimegoma?"

"Treni zipo. Nakwenda Ravenna na mjukuu wangu kutazama dari."

"Dari?"

"Dari."

"Na biriani yangu?"

"Ule, Aziza. Ule na majirani."

Alichosema baada ya hapo sikiandiki. Nilikisikiliza chote, nikamshukuru, nikakata simu. Kisha nikaitia simu mkobani kama niliyeiba.

Ravenna ni mji mdogo, bapa, watu wake wanaendesha baiskeli na mboga kwenye kikapu. Tulikwenda moja kwa moja dirisha la tiketi. Dada aliyekuwa dirishani akatikisa kichwa. Leo kumejaa. Nasra akasema ahsante, akaanza kugeuka, huyu mtoto anageuka upesi mno, na mimi nikabaki nimesimama dirishani kama nguzo. Sikuwa na neno la kumwambia lisilohusu shuka. Nikamtazama tu, jinsi ninavyomtazama dereva wa basi anayetaka kufunga mlango. Akapekua mashine yake tena. Zilikuwapo mbili, za kundi la mwisho, mtu ameziacha.

Kwa hivyo tukangoja. Bustani ya pale ina majani mafupi na benchi mbili, na zote zilikuwa na watu. Nikafungua khanga, nikaikunjua mbuzi, nikauelekeza ulimi mbele na kuufunika kwa khanga ileile usimchome mtu, nikakaa. Miaka mingi sijakaa vizuri hivyo. Mama mmoja wa Kiitaliano alitoka kwenye benchi yake akaja kuitazama, akainama, akagusa ubao kwa kidole, akauliza. Nikamfanyia kwa mikono: nazi, pasua, kuna, kamua. Akaelewa, akamwita mume wake, nikamfanyia na mume. Nasra alitupiga picha. Hiyo ndiyo picha mliyoiona kwenye simu zenu, mkadhani nimefungua biashara.

Zamu yetu ilipofika, mlinzi wa mlango, mzee mwembamba mwenye funguo kiunoni, akakataa mbuzi isiingie. Tukaiacha miguuni pake. Kwa nje lile kaburi ni jengo dogo la matofali, kama jiko la watu wenye uwezo, nikasema moyoni, hili ndilo tumemkosesha Aziza raha kwa ajili yake? Nikapiga bismillahi nikaingia.

Ndani kulikuwa na giza. Madirisha hayana vioo, yana mawe membamba yanayopitisha mwanga wa rangi ya asali. Macho yalipozoea nikainua kichwa. Sitajaribu kuwaeleza ile buluu. Nyota zilikuwa nyingi, zimepangwa duara ndani ya duara, na nilipoinamisha shingo upande mmoja baadhi zikawaka, nilipoinamisha upande wa pili hizo zikazimika zikawaka nyingine.

"Hawakuvilaza sawa," Nasra alisema, kwa sauti ya chini kabisa. Na alisema Kiswahili, cha kuvunjikavunjika, cha mtoto. "Tazama, Nyanya. Kila kijiwe kinaangalia kwake. Hakuna pima maji hapa. Mtu alikiinamisha kwa kidole, ili mwanga ukija usipite bure."

Nikafikiri sana. Nikaona huu ndio wakati wa kuwa mtu mwema.

"Kwa hivyo kile changu," nikasema, "nyuma ya bomba."

"Hapana, Nyanya. Kile kilinishinda tu."

Kicheko kilinitoka kaburini, Mungu anisamehe, kikapiga ukuta kikarudi. Wenzetu wakageuka. Mlinzi akachungulia, akagonga saa yake: muda umekwisha. Watu wakaanza kutoka, na Nasra naye akaanza, mtiifu, macho bado juu, anatembea kinyumenyume.

Magoti yangu hayana tatizo lolote. Nayapandisha ngazi kila siku. Lakini pale mlangoni nilishika ukuta, nikashika goti, nikaguna kama nilivyomsikia Aziza akiguna kwenye simu. Mlinzi akaja mbio akanishika mkono. Nikamwegemea kwa uzito wangu wote, nikamwambia neno nililoambiwa kila niliposhuka ngazi na shuka za pasi, piano, piano, polepole, na tukavuka kizingiti kile kwa hatua za mgonjwa wa wiki nzima. Huko nyuma yangu hapakuwa na mtu isipokuwa Nasra na dari lake.

Nasra alipotoka uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Mlinzi akaniuliza kwa mkono na nyusi kama nimelipenda. Nikatafuta kichwani. Neno la sifa ninalolijua kwa Kiitaliano ni moja, lile walilolisema shuka ikitoka vizuri.

"Pulito," nikamwambia. Safi.

Akafikiria, akakubali kwa kichwa. Kisha akanisaidia kuinua mbuzi.

Birmingham tulirudi mvua inanyesha, bila paa. Nilimpelekea muuza nyama soksi zake. Kisha nikaenda kwa Bi Saumu, Nasra ananingoja nje kwenye gari lake la kazi kwa sababu tulikuwa tunakwenda Shard End kwa mama yake. Bi Saumu alikuwa amekwisha kusikia, Coventry Road yote ilikuwa imesikia. Nikaiweka mbuzi mezani kwake.

"Haikufika Parma," akasema.

"Haikufika. Ilifika Ravenna."

Aliigeuza, akaikagua meno, akanikagua mimi. Sikujitetea. Nilimwambia dada yake amekasirika na ana haki, na kwamba Italia ina posta, nimeiona kwa macho yangu, ina rangi ya manjano. Kisha, kwa kuwa binadamu habadiliki, akauliza huyo Nasra nje ananipeleka wapi.

"Shard End."

"Shard End?" Akainuka. "Ngoja kidogo, kuna mtu wangu Shard End, nimemwekea bizari."

Alikuwa amekwisha kufika mlango wa jikoni. Kupitia dirishani nilimwona Nasra amezima injini, ameegemeza kichwa, ameshika simu, bila shaka anatazama nyota zake. Angengoja. Angengoja hata saa nzima.

"Saumu," nikasema, "mwambie aje kwangu. Mabasi yote yanapita mlangoni. Bizari ataikuta mezani."

"Atakubali kuja mpaka huku?"

"Atakubali. Mwambie nitampikia. Na akija kunawa mikono nitamwonyesha bafu langu, ukuta wote."